Nukta ya Tarehe Mbili Juni

Kwa mwezi mzima hakuna mtu aliyeniacha ninywe kahawa yangu kwa amani. Nikiingia kantini nimenyoa ndevu, minong'ono inaanza. Nikiingia sijanyoa, inaanza mingine. Zopito, anayetukorogea kahawa kule juu kwenye ofisi za maabara, alifikia hatua ya kuchungulia kikombe changu nikishamaliza, kana kwamba mashapo yangemnong'oneza kitu.

"Berardo, leo umechukua andazi lenye krimu," akaniambia asubuhi moja. "Mtu mwenye habari mbaya hali krimu."

"Mtu mwenye njaa anakula krimu. Futa kaunta yako uache uchawi."

"Basi kuna habari nzuri?"

"Zopito, nitakumwagia hii kahawa."

Akacheka. Watu wote hucheka nikikasirika, maana nakasirika kila siku na sijawahi kummwagia mtu kahawa. Ndiyo tabia yangu. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja uso, na mkunga akadhani naumwa tumbo.

Walichokuwa wakikitafuta usoni mwangu ni hiki. Mwaka ule mimi ndiye niliyeshika chumvi.

Chini ya mlima wetu, ndani ya handaki linalopita magari, kuna pipa. Ndani ya pipa mna zenoni, gesi adimu na ghali kuliko anasa yoyote, iliyopozwa kwa baridi kali mpaka ikawa kimiminika kizito. Tunangoja kitu kimoja tu kiiguse. Kuna maada ya giza iliyotanda kila mahali angani, ndiyo inayozishikilia nyota zisitawanyike, na hakuna aliyewahi kuiona. Inapita kwenye mlima, kwenye pipa, kwenye Zopito na maandazi yake, bila kugusa chochote. Tunaomba siku moja chembe yake moja ijikwae kwenye zenoni. Ikijikwaa, kitatokea kimulimuli kidogo chini, kisha kingine juu, na kutokana na hivyo viwili sisi tutachora nukta moja kwenye karatasi. Mlima uko pale kutukinga na takataka nyingine za angani. Watu wamezeeka wakingoja nukta hiyo.

Na mtu anayengoja sana huanza kuona kisichokuwapo. Kwa hiyo tunajitegea mtego wenyewe. Kila mwaka mtu mmoja anapewa kazi ya kunyunyiza vimulimuli vya uongo ndani ya vile vya kweli, na ni yeye peke yake anayejua vipi ni vya uongo. Hiyo ndiyo chumvi. Wenzake wanachambua kila kitu bila kujua, wanaweka masharti yao ya kukubali au kukataa nukta, wanayafunga, wasiweze tena kuyagusa. Kisha inafika Siku ya Kuosha, kama tunavyomwosha samaki wa Krismasi aliyekaushwa kwa chumvi. Mwenye chumvi anaiondoa mbele ya watu wote. Kinachobaki ndicho cha kweli.

Aliyenichagua mimi ni Ersilia Centofanti. Ni mwalimu wangu tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Pipa letu la kwanza, lililokuwa na ukubwa wa sufuria ya tambi, alilijenga yeye. Mkutano ulipouliza nani apewe chumvi, alininyooshea kidole.

"Huyu. Uso wake una hasira saa zote. Hata akijua Yesu anarudi kesho, hamtasoma kitu pale."

Wakapiga makofi. Nikawakunjia uso, wakapiga zaidi.

Oktoba, Ersilia alikuja ofisini kwangu na karatasi. Hakubisha hodi, hajawahi. Akaisukuma juu ya kibodi yangu, akabaki amesimama, mkono mmoja ubavuni.

"Tazama."

Nikatazama. Katikati ya ukurasa mtupu, mahali ambapo takataka hazifiki kamwe, palikuwa na nukta moja. Safi.

"Unajua ya lini?" akauliza. "Tarehe mbili Juni. Sikukuu ya Jamhuri, Italia nzima likizoni. Hakuna mtu hata mmoja handakini, hakuna mashine iliyowashwa. Na unajua Juni ni nini."

Nilijua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mwanzoni mwa Juni dunia yetu inakimbia kwa kasi zaidi dhidi ya upepo wa ile maada ya giza. Kama ingekuja, alikuwa akituambia darasani, ingekuja Juni, na ingekuja katikati ya pipa.

Lakini nilijua na jambo lingine. Nukta ile ilikuwa yangu. Sikuichagua. Kompyuta ilikuwa imechagua kwa bahati nasibu siku, saa na mahali, kama sheria inavyotaka, na bahati nasibu hiyo isiyo na huruma ikachagua kila kitu ambacho mama huyu alikuwa akikiota tangu ujana wake. Nukta moja haitoshi kutangaza lolote duniani. Inatosha kumnyima mtu usingizi.

Nikaona pia kwamba amekosea hesabu ya pembeni mwa karatasi. Alikuwa amegawanya mahali pa kuzidisha, kosa la mtoto wa sekondari. Nikalitazama lile kosa. Nikamtazama yeye, macho yanamng'aa, shingo imekonda.

"Ni nzuri sana, Mwalimu," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua karatasi yake akaenda.

Kesho yake aliitisha mkutano akasema anamwachia Tiziana usimamizi wa uchambuzi wote. Tiziana ni wa Napoli, hodari na mpiga kelele, ana pembe nyekundu ya bahati anayoining'iniza kwenye kompyuta yake na wala haoni haya. Watu wakaduwaa. Ersilia akaeleza kwa ufupi: wamemkuta na uvimbe kwenye ini, atapasuliwa, hana nguvu za kusimamia. Hakutaka maswali. Mimi nikatoka nje nikaupiga teke mti wa watu.

Upasuaji ulipangwa Ijumaa ya mwanzo wa Novemba. Siku ya Kuosha ilikuwa Jumatatu inayofuata, nayo ilikuwa imepangwa mwaka mzima nyuma na Ersilia mwenyewe.

Nikamfuata Tiziana. "Isogeze mbele. Tuoshe Alhamisi, kabla hajaingia."

"Masharti hayajafungwa bado. Unataka tuyafunge vipi, kwa kamba za viatu?"

"Fanyeni haraka basi! Mnakaa hapa mnakuna pembe!"

"Usiniguse pembe yangu!" Kisha akashusha sauti. "Berardo. Sheria ni ya nani? Nani alisema Siku ya Kuosha haiwahishwi kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa ajili ya Papa?"

"Yeye."

"Basi nenda kamwombe yeye ruhusa ya kuivunja."

Sikwenda. Nilijua atanijibu nini. Tiziana akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mbona una haraka ya kuosha? Kama ingekuwa ya kweli usingekuwa na haraka." Akaweka mkono mdomoni. "Hapana. Usijibu. Sijasema kitu. Nenda zako!"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nikikohoa, inachunguzwa. Nikapunguza kuongea, nikapunguza kula mbele za watu. Nikiendesha gari handakini nilikuwa nakaza uso peke yangu, bila mtu wa kuniona, kwa mazoezi tu. Usiku mgongo unaniwasha. Nilimgombeza kijana wa petroli, nilimgombeza padri kwa kuegesha vibaya, nilimgombeza dada yangu kwa simu mpaka akakata. Kwa Ersilia peke yake nilikuwa na adabu. Nilimbebea begi. Alinimwagia kahawa kwenye kitabu, nikasema si kitu. Aliponipinga kwenye hoja ambayo hata Zopito angejua kwamba niko sahihi, nikasema labda uko sahihi, Mwalimu. Nilijiona mtu mwema.

Kwao Ersilia wanalima zafarani, na mwisho wa Oktoba maua yanachumwa alfajiri kabla hayajafunguka, kisha ukoo mzima unakaa mezani kuyapasua na kutoa zile nyuzi nyekundu. Nilikwenda kusaidia kama kila mwaka. Safari hii tulikaa sisi watatu tu, mimi, yeye, na dada yake Assuntina, mjane asiye na breki mdomoni. Meza imejaa maua ya zambarau mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ndiye mwenye siri?" Assuntina akaniuliza.

"Mimi ndiye mwenye maua. Sogeza kapu."

"Mwambie basi dada yangu. Mnamtesa. Mtu anakwenda kupasuliwa, mnamfanyia bahati nasibu. Nyinyi wanasayansi hamna mama?"

"Assuntì, nyamaza," Ersilia akasema bila kuinua macho. "Akiniambia, nitamfukuza kazi. Na wewe unachanganya nyuzi za njano na nyekundu."

"Ningekuwa mimi ningemkaba mpaka aseme."

"Mkabe. Ana shingo nene."

Tukacheka. Nilitaka kulia. Nyuzi zilikuwa zinamponyoka Ersilia vidoleni, naye anaziokota moja moja kwa ukucha. Mwaka mwingine wowote ningemwambia toa mikono yako unaharibu. Mwaka huu nikawa namsogezea maua yaliyo rahisi.

Aliponisindikiza mlangoni ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Akanifunga vifungo vya koti kama mtoto.

"Umekuwa mpole siku hizi," akasema.

"Uzee, Mwalimu."

"Mm," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi alasiri nilimkuta hospitalini mjini, amekaa kitandani na gauni lao la mgongo wazi. Alikuwa mdogo. Sijui kulisema vinginevyo. Mwanamke aliyekuwa akijaza ukumbi kwa sauti yake alikuwa anachukua nusu ya kitanda.

"Kaa. Usisimame kama polisi."

Nikakaa. Akaniambia supu yao haina hata jani. Akaniambia daktari ni kijana, ana viatu vizuri, anaongea na ukuta. Akaniuliza kuhusu pampu ya kupozea, nikamjibu. Wakati wote huo mkono wake ulikuwa unanyoosha shuka, unanyoosha palepale tu, shuka lenyewe limeshanyooka.

Hakuniuliza. Nataka hilo lijulikane. Hakuniuliza hata kwa jicho.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeshindwa kuutazama ule mkono.

"Mwalimu, ile nukta," nikasema. "Si yangu."

Mkono ukasimama.

"Asante, mwanangu," akasema taratibu. Akalala, akageukia ukuta.

Nikashuka ngazi nikijiambia nimefanya jambo la utu. Nilipofika kwenye gari niliketi bila kuliwasha. Nilikuwa nimevunja sheria yake kubwa, na nilikuwa nimeivunja kwa uongo. Akifa, amekufa na uongo wangu. Akiamka, mimi ndiye nitakayemnyang'anya.

Ijumaa mchana Assuntina alinipigia, analia na kutukana pamoja. Ametoka. Uvimbe wameuondoa wote. Yuko chumba cha uangalizi, haongei, lakini amemfinya dada yake kidole. Nikamshukuru Mungu, kisha nikakumbuka Jumatatu.

Siwezi kueleza siku zile mbili. Niliosha gari, mvua ikanyesha, nikaliosha tena. Nilipanda mpaka kwenye uwanda wa juu wanakolisha kondoo, nikashuka bila kujua nimepanda kufanya nini. Dada yangu aliniletea mishikaki ya kondoo, nikaisahau kwenye moto. Wazo moja lilikuwa linanizunguka kama nzi. Kwenye kompyuta yangu, kuondoa chumvi ni amri fupi tu. Ningeweza kuiacha nukta moja isiondolewe. Hakuna binadamu angejua. Jumatatu watu wote wangeruka, Ersilia angeamka akiwa mtu aliyeiona, na uongo wangu wa Alhamisi ungekuwa kweli.

Jumapili niliketi mbele ya ile kompyuta. Nikafikiria vijana watakaotumia ujana wao kuikimbiza nukta yangu. Nikafikiria jina lake, Centofanti, limeandikwa juu ya kitu nilichokitengeneza mimi nikiwa na soksi zilizotoboka. Nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikaifunga kompyuta, nikaenda kukaa jikoni na mama yangu, naye bila kuuliza akanipa viazi nimenye.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Wenzetu wa nchi nyingine walikuwa ukutani kwenye skrini, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Zopito alikuwa ameficha chupa za mvinyo wa povu nyuma ya mlango, na aliyezitaja alipigwa kofi la kisogo, maana mvinyo ukitajwa mapema unaharibu bahati. Tiziana alishika pembe yake kwa mikono miwili.

"Masharti yamefungwa," akasema. "Osha."

Nikaosha.

Nukta ikaondoka. Haikufifia wala kuaga, ukurasa ulibaki mweupe tu. Watu wakatoa sauti moja kama ya tairi linalopoteza upepo. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, kwa sababu hata ukurasa mweupe ni kazi. Tunajua sasa mahali pengine ambapo haimo. Tiziana alikuja akanipiga ngumi begani, machozi yanamtoka.

"Shetani wewe. Umekaa na hii mwezi mzima?"

"Nimekaa nayo."

"Nani atamwambia?"

"Mimi. Mtu mwingine asishike simu."

Nilimkuta Ersilia hospitalini, macho wazi, mirija puani, Assuntina amesinzia kwenye kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea.

"Mwalimu. Imetoka. Ilikuwa yangu."

"Najua."

"Nani amekupigia? Nilisema asipige mtu!"

"Hakuna aliyenipigia." Sauti yake ilikuwa nyembamba, inabidi nimuinamie. "Nimejua tangu Oktoba."

Nikamtazama kama mjinga.

"Siku niliyokuletea ile karatasi nilikuwa nimekosea hesabu ya pembeni. Nilikuona ukiliona kosa. Macho yako yalisimama pale pale. Nikangoja unirukie. Ukasema ni nzuri sana." Akapumzika kidogo. "Berardo, hujawahi kuniambia kitu ni kizuri. Hata kwenye harusi yangu uliniambia chumvi imezidi kwenye nyama."

"Ilikuwa imezidi."

"Nilikwenda nyumbani nikalia. Kesho yake nikamwachia Tiziana kazi. Aliyejua chumvi hawezi kuchambua. Ulidhani ni ini? Ini lingengoja."

Kwa hiyo mwezi mzima nimekaza uso, nimejinyima maandazi, nimefanya mazoezi handakini, na mtu mmoja niliyetaka kumficha alikuwa amesoma kila kitu kwenye upole wangu. Nikatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Na Alhamisi?" nikauliza. "Ulijua nakudanganya?"

"Nilijua. Na bado kwa pumzi moja nilitaka iwe kweli." Akafumba macho. "Kisha nikaogopa. Nikajiambia, kama Berardo amefika mahali pa kunidanganya, basi yule mwenye viatu vizuri amemwambia jambo ambalo hajaniambia mimi. Nimeingia chumba cha upasuaji nikijua sitoki."

Nilipiga magoti pale sakafuni, mtu mzima, nikaweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda chake na nikalia kwa sauti. Assuntina akashtuka usingizini akauliza amekufa? Ersilia akasema bado, lala.

Kisha akanigusa kichwani kwa vidole viwili.

"Inuka. Nataka kujua ukweli, na hawa wote wananitabasamia. Nesi ananitabasamia. Huyu dada yangu tangu Ijumaa hajatukana. Nitazame vizuri. Ninaonekanaje?"

Nikainuka, nikajifuta pua kwa mkono wa koti. Nikamtazama vizuri, kuanzia nywele zilizogandamana mpaka miguuni. Nikaangalia rangi ya ngozi yake, ambayo Alhamisi ilikuwa ya majivu na leo ilikuwa na kitu kama damu ndani yake.

"Unatisha," nikasema. "Unaonekana kama kuku aliyenyonyolewa akasahauliwa mvuani. Unanuka dawa ya choo. Na ile hesabu ya pembeni ilikuwa aibu tupu! Kugawanya mahali pa kuzidisha! Mwanafunzi wangu akiniletea vile namtupa dirishani na karatasi yake. Miaka yote hiyo ya kufundisha watu, halafu unakuja mbele yangu na takataka kama ile?"

Alianza kucheka. Ikamuuma, akashika mshono kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na hakuweza kuacha.

"Endelea," akasema. "Endelea, mwanangu."

Nikaendelea kumgombeza, na ile kahawa aliyonimwagia kitabuni nayo nikaileta, mpaka nesi akaja kunitoa nje.